Kabla ya Tandiko

Katika mashamba mazuri ya farasi huko Urusi, mgeni aliyekuja kupanda farasi hapandi kwanza. Hupewa brashi. Huonyeshwa farasi wake, akaambiwa asimame ubavuni, aseme neno ili mnyama ajue yupo, kisha aanze kusugua shingo, mabega na mgongo mpaka tope kavu limdondokee miguuni. Wapo wanaonung'unika kwamba walilipia misitu na mbuga, si kazi ya zizini. Mimi naona wamepewa kilicho bora kuliko msitu: wameonjeshwa kazi ya saisi, ambayo naiheshimu kuliko madaha yote ya mpandaji.

Tazama kwato tu. Saisi huteremsha kiganja polepole kutoka begani mpaka chini ya goti, akaegemea kidogo, na farasi huinua mguu mwenyewe. Mkono mmoja hushika kwato; wa pili huchokoa uchafu kwa kulabu butu, kutoka kisigino kwenda nchani, bila kuichoma ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Kijiwe kikisahaulika humo, farasi atarudi akichechemea. Kipupwe, theluji hushindiliwa kwatoni ikawa donge gumu, na chuma cha lijamu huwa baridi kiasi cha kuunguza. Basi saisi huikumbatia lijamu viganjani mpaka ipate joto, ndipo aitie kinywani mwa farasi. Farasi hana wa kumsimulia kwamba alifanyiwa hisani hiyo.

Kwa mikono kama hiyo ndivyo walivyopatikana farasi wa Orlov, fahari ya nchi ile, wanaosifika kwa mwendo wa matiti, yaani mguu wa mbele wa kulia ukikanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto. Mwanzo wao ulikuwa hatarini sana. Aleksei Orlov, ambaye farasi hao waliitwa kwa jina lake, alikuwa amenunua kutoka kwa Waosmani farasi dume wa Kiarabu, Smetanka, akaletwa Urusi kwa njia ya nchi kavu. Mwaka 1777 akafa, akiacha watoto wachache tu. Mmoja wao, Polkan, alizaliwa na jike wa Kidenmaki. Naye Polkan, kwa jike wa Kiholanzi, akampata Bars mwaka 1784. Huyo Bars ndiye babu wa farasi wote wa Orlov waliopo leo.

Vitabu humtaja Orlov na shamba lake la Khrenovoye, mkoani Voronezh, lililoanzishwa mwaka 1776. Ni haki yake. Lakini nasaba nzima iliponing'inia kwa ndama wachache wa farasi, nani alikesha zizini jike alipokuwa akizaa? Angalau jina moja halikupotea. Baada ya Orlov kufariki mwaka 1808, shamba lilikuja kusimamiwa na Vasily Shishkin, aliyekuwa mtwana wa Orlov. Aliijua mifugo ile kama mtu anavyowajua wanawe, na ni yeye aliyeuendeleza ukoo wa Bars.

Matunda yake yanaonekana kwenye troika, kigari cha kuteleza kinachovutwa na farasi watatu sambamba. Wa kati huenda matiti, wa pembeni huenda shoti huku shingo zao zimepinda kuelekea nje, na bado wote hufika kwa kasi moja. Sijui utiifu mzuri zaidi ya huo, na hautokani na mjeledi.

Matembezi yakiisha, wageni hukimbilia bafu la mvuke na supu ya kabichi. Saisi bado ana kazi. Humtembeza farasi taratibu mpaka pumzi imtulie, humvua tandiko, kisha hupitisha kiganja mgongoni akitafuta uvimbe au joto, maana tandiko linalobana leo ni kidonda cha kesho. Mgeni atakayebaki nyuma kumshikia hatamu, huyo ndiye ningependa asubuhi apewe farasi aliye bora kuliko wote.