Karibu Kabla ya Hodi

Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Ba, alichota unga mweupe kwa kidole gumba na cha shahada, akavisugua taratibu huku mkono ukitembea. Nyuma ya mkono ukabaki mstari mwembamba kama uzi wa cherehani, ukipinda alipotaka upinde, bila kukatika. Nilichuchumaa kando yake nikishika bakuli la rangi nyekundu, nimeonywa nisipumue kwa nguvu. Ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, Kisutu, Dar es Salaam, na Ba alikuwa akichora rangoli, pambo la sakafuni, mlangoni.

Sakafu ilipigwa deki tangu asubuhi ili ikauke kabisa, maana joto la pwani lina unyevu, na unga ukilowa hushikana mabonge. Kwanza aliweka nukta, safu kwa safu, kipimo chake kikiwa upana wa vidole viwili. Kisha akaziunganisha: petali za yungiyungi, majani, taa. Mkono ulipoteleza hakufuta. Alilitazama lile kosa, akaliongezea mkunjo mmoja, likawa jani. Mpaka leo nikikosea kazini huwa nautafuta kwanza ule mkunjo.

Mwisho ilifika zamu yangu. Ba alinikunjia ngumi, akaichovya ubavuni katika uji mzito wa unga wa mchele, akaigandamiza sakafuni. Ukatokea unyayo mdogo. Kwa ncha ya kidole nikauwekea vidole vitano. Wa kulia, wa kushoto, kutoka kizingitini hadi chumba cha sala. Hizo ni nyayo za Lakshmi, mungu wa kike wa neema, anayezitembelea nyumba usiku huo usio na mwezi. “Vidole vielekee ndani,” Ba alisisitiza, “asije akageuka mlangoni.”

Diwali ina visa vingi, na ninavyovipenda vyote vina mtu anayesubiriwa. Mwanamfalme Rama anarudi kwao Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamisho, watu wanamwashia taa njiani. Lakshmi anapita gizani akitafuta nyumba iliyo tayari. Sikukuu yenyewe huangukia Oktoba au Novemba, kaskazi ikikaribia, upepo uleule uliosukuma majahazi kutoka Gujarat, India, hadi pwani hii. Wazee wetu nao walifika hapa wakiwa wageni, wakapiga hodi.

Katika Kiswahili nilichokulia, mgeni ndiye huanza. Hupiga hodi, ndipo mwenyeji hujibu karibu. Rangoli huutangulia utaratibu huo. Ni karibu iliyokwisha kusemwa kwa mkono, imetandazwa nje ya mlango, kabla hatujajua nani atakuja. Ndiyo maana naiheshimu kazi hii kuliko nakshi nyingi zinazotundikwa ndani: mwenye nyumba huumia mgongo kwa saa nzima ili mpita njia afurahi.

Kesho yake, Mwaka Mpya wa Wagujarati, majirani walimiminika, Wahindu kwa Waislamu kwa Wakristo, sahani za vitamu zikienda na kurudi. Jioni yungiyungi lilikuwa limefutika upande mmoja kwa pindo za kanga na soli za viatu. Nilisikitika. Ba aliinama akatazama uharibifu ule kwa furaha, kama muuza duka anayehesabu mauzo. Kwake, rangoli iliyobaki nzima ilikuwa dalili ya nyumba isiyotembelewa.

Ba hayupo sasa. Nukta naziweka mimi, kwa upana wa vidole vyangu viwili. Ila ngumi yangu imekuwa kubwa mno kwa nyayo zile. Mwaka jana nilimwita binti wa jirani wa ghorofa ya juu, ana miaka sita, kwa ruhusa ya mama yake. Nikamkunjia ngumi, nikaichovya, nikaigandamiza.

“Vidole vielekee wapi?” akauliza.

“Ndani,” nikamjibu.

Akazipanga zote, hatua kwa hatua, mpaka ndani.