Miwani ya Laney: Urithi wa Shaw katika Filamu ya She's All That

Kisa cha mwanamume anayemfinyanga mwanamke kisha akampenda ni kikongwe. Kimo katika ushairi wa Ovid, na Bernard Shaw alikipa sura ya kitabaka katika tamthilia yake Pygmalion, iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1913. Filamu ya Kimarekani She's All That (1999), iliyoelekezwa na Robert Iscove, inajinasibisha na ukoo huo, na nasaba hiyo ndiyo inayoiumbua.

Zack, kijana mashuhuri katika shule ya upili, ameachwa na mpenziwe. Anawekeana dau na rafikiye Dean kwamba kwa muda wa wiki sita anaweza kumgeuza msichana yeyote kuwa malkia wa dansi ya kuhitimu. Anayeteuliwa ni Laney, mchoraji aliyefiwa na mamake, ambaye babake husafisha mabwawa ya kuogelea.

Udhaifu wa msuko unaanzia hapa. Eliza wa Shaw hubadilika kwa kufunzwa matamshi. Kazi hiyo ni ngumu na inafichua namna lugha inavyoyatenga matabaka ya Waingereza. Laney anavuliwa miwani, anakatwa nywele na kuvishwa gauni jekundu. Anapoteremka ngazi, mageuzi yamekwisha. (Hata hivyo, mtazamaji alikwisha kuuona urembo wa Rachael Leigh Cook tangu mwanzo, miwani au pasi na miwani.) Mgogoro mkuu ukiisha kufifia mapema hivyo, filamu inaokoteza mingine: Dean, aliyeweka dau pamoja na Zack, ndiye anayelifichua, na bado Laney anakubali kuandamana naye dansini. Hatua hiyo haichimbuki katika hulka yake. Yahitajiwa na msuko tu.

Inasikitisha kwa kuwa ipo onyesho moja lenye uzito. Zack anasukumwa jukwaani katika ukumbi mdogo wa wasanii marafiki wa Laney, hana ila kimpira cha kuchezea kwa miguu. Anakirusha na kukipokea huku akisema hakipaswi kuanguka, na ghafla mcheshi huyu anadhihirika kuwa kijana aliyeelemewa na matarajio ya wengine. Kwa mara ya kwanza mfinyanzi ndiye anayefinyangwa. Wazo hilo lingeweza kuibeba filamu nzima, lakini linaachwa papo hapo. Filamu ya He's All That (2021), iliyogeuza jinsia za wahusika hao, nayo haikulifufua.

Eliza aliuliza atakuwa nani baada ya majaribio kwisha, na Shaw akakataa kumwoza kwa Higgins. Laney hapewi nafasi ya kuuliza swali hilo. Michoro yake, iliyomtambulisha mwanzoni, inazidi kusahaulika kadiri mapenzi yanavyokolea. Katika mahafali Zack anatokea uchi, akilipa dau kwa kujisitiri na mpira, kisha anamrushia Laney mpira huo, na hadhira inacheka.