Vitabu vya Silaha za Zamani: Tuamini Kipi?

Kijana akitazama picha ya Mtakatifu Jeanne d'Arc amevaa chuma tangu shingoni hata miguuni, atauliza: nani aliyafua mavazi yale, na uzito wake je? Vitabu vya kumjibu vipo. Mwingereza Ewart Oakeshott alitoa The Archaeology of Weapons mwaka 1960. Huyu alizishika panga kwa mikono yake, akazipanga aina kwa aina kwa kufuata umbo la bapa na la mpini. Sifa yake ndiyo hii: hueleza kwanza kitu chenyewe, ushujaa baadaye.

Basi, kijana huyo akiuliza habari za mkuki wa Mvira au wa Mbembe, tumpe kitabu gani?

Burton alifika Uvira pamoja na Speke mwezi wa Aprili 1858, na kitabu chake, The Lake Regions of Central Africa, kilitoka mwaka 1860. Macho yake makali, aliandika vitu vingi. Lakini alikaa siku chache tu, alikuja kuutafuta mto Ruzizi, tena aliwadharau watu. Tumsome kama shahidi, si kama hakimu.

Tippu Tip alijiandikia maisha yake kwa Kiswahili chetu, nayo yakapigwa chapa 1902 na 1903. Hapo utaona jinsi bunduki zake zilivyoushinda upinde wa Nsama wa Itawa, kusini-magharibi ya ziwa. Ni kitabu kitamu. Walakini msemaji ni yule mwenye bunduki. Aliyepigwa hakuandika neno.

Kwa maoni yangu, Giacomo Macola anawapita hao kwa akili. Katika The Gun in Central Africa, cha mwaka 2016, aonyesha kwamba bunduki haikuwa chombo cha kuua tu: kwa wengine ilikuwa heshima na mali, na wako Wangoni walioidharau kwa kuwa shujaa wa kweli hupigana karibu na adui. Upungufu wake kwetu ni kwamba asimulia zaidi habari za kusini, Katanga na Zambia.

Christopher Spring alitoa African Arms and Armour mwaka 1993, chenye picha nzuri sana. Lakini ni kitabu kimoja kwa bara zima. Ufuo wetu utapata nafasi gani?

Tena picha peke yake haitoshi. Mwaka 1884 watu wa Mbelgiji Storms walimwua mtemi Lusinga karibu na Mpala, na sanamu yake ya mti ikachukuliwa Ubelgiji, nayo imo Tervuren. Allen Roberts aliyasimulia hayo mwaka 2013 katika A Dance of Assassins. Kitabu kinachoonyesha kitu bila kusema kilivyotoka kwa mwenyewe kimetupa nusu ya habari.

Kwa hiyo, ukishika kitabu cha silaha, uliza: mwandishi alikiona kitu? Alikipima na kukitaja kwa jina la wenyewe? Alisema kilifikaje huko? Hapa Uvira, ambapo milio ya bunduki si habari ya vitabuni tu, kujua silaha si kuipenda. Majina ya mikuki bado yamo vinywani mwa wazee. Vijana, chukueni daftari, mkayaandike kabla hayajazikwa nao.