Heri Mtifua Mchanga

Lori likimwaga mchanga wa ujenzi Mbagala, mwenye nyumba asidhani ni wake peke yake. Kufika saa kumi na moja jioni watoto wameshavua sare za shule na lundo limegeuka uwanja. Tairi kuukuu la gari linalazwa hatua chache mbele ya lundo. Mtoto anarudi nyuma hadi ukutani, anakuja mbio, miguu miwili inagonga tairi, na tayari yuko hewani, magoti kifuani, kichwa chini. Samasoti imepigwa.

Jioni moja nilisimama kutazama, nikitafuta anayeruka juu kuliko wenzake. Badala yake jicho likanasa kwa kijana mmoja mwembamba mwenye jembe. Kila baada ya warukaji watatu au wanne aliwazuia kwa mkono, akautifua mchanga ulioshindiliwa na nyayo, akaokota kokoto na vipande vya tofali na kuvitupa pembeni.

"Shikamoo, mzee. Sogea kidogo, usije ukarushiwa mchanga."

"Marahaba. Mbona wewe huruki?"

"Naruka sana. Ila mchanga ukikaza unavunja mguu."

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Ashuke vipi, hawakutuambia. Kijana yule alikuwa anajibu swali hilo kwa jembe.

Theluji mimi naijua ya kwenye televisheni, na ile ya Kilimanjaro ninayoiona kwa mbali. Lakini huko inakoanguka barabarani upo mchezo ambao watoto wa Mbagala wangeuelewa bila mkalimani. Mtu huvaa skii, huteremka mlima kwa kasi, hupanda tuta lililosimama kama ukuta, nalo humrusha juu kuliko paa la nyumba ya ghorofa. Huko juu hujipindua mara mbili au tatu huku akijizungusha kama pia, kisha hurudi chini kwa miguu. Mchezo huo ulianza kutolewa medali za Olimpiki mwaka 1994, Lillehammer, Norwei. Kwa kanuni zilizotumika miaka mingi, katika kila alama 100, 20 zilikuwa za kuruka, 50 za umbo la mwili hewani, na 30 za kutua. Wakati wa kiangazi wachezaji hao hujifunza kwa kutua kwenye bwawa la maji, na viputo vya hewa hupulizwa kutoka chini ili maji yasiwapokee kama sakafu. Baridi ikirudi, watu wenye sepetu hupanda kwenye mteremko wa kutua na kuikatakata theluji iliyoganda, hadi iwe laini. Kumbe na huko yupo mtifua mchanga!

Kwetu sarakasi si mchezo wa jana. Miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza, na waliporudi likaundwa kundi la taifa la sarakasi mwaka 1969. Kundi lile halipo tena, lakini ufundi haukufa nalo. Ulisambaa mitaani, mkubwa akimfundisha mdogo, kwenye mchanga wa Coco Beach kule Kinondoni na kwenye vumbi la Temeke.

Mwaka 2023 wanasarakasi wetu Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, walifika fainali ya shindano la vipaji la America's Got Talent. Februari 2024 wakashinda shindano dada lake, Fantasy League, lenye zawadi ya dola 250,000. Watazamaji walishangilia aliye juu, kichwa chake kimesimama juu ya kichwa cha mwenzake, miguu ikielekea angani, bila kushikana mikono. Mimi nilimtazama wa chini. Akipanda ngazi, mguu unatangulia kuonja kidaraja kabla ya kukikabidhi uzito. Shingo haitikisiki. Mwenzake anaringa hewani kwa sababu yeye amekubali kuwa ardhi.

Ndiyo maana ninaisifu kazi hii. Kwenye sarakasi maneno matupu hayamshiki mtu anayeanguka. Anayeruka anamkabidhi mifupa yake mtu aliyeandaa mahali pa kutua, na huyo hapigiwi makofi. Tumezoea kuwaita watoto hawa watundu, wakati wameshajifunza jambo linalotushinda watu wazima wengi: kukagua chini kabla ya kuruka.

Basi, ndugu msomaji, lori likimwaga mchanga mlangoni kwako na watoto wakauvamia, weka fimbo chini. Magodoro yako ya zamani usiyatupe, wape. Na kama huna godoro, waazime jembe.