Kuipima Fayawoli ya Seva kwa Kuisoma

Ukikabidhiwa seva ya Linux iliyofungwa na fundi mwingine, usiupime ustadi wake kwa wingi wa kanuni alizoandika. Andika nft list ruleset, kisha soma kuanzia juu. Fayawoli nzuri ni ile ambayo mgeni, asiye na wa kumuuliza, ataisoma mara moja na kutaja kinachoingia, kinachokataliwa, na sababu ya kila ruhusa. Wapo watakaosema mshambuliaji hajali maandishi yako yamenyooka kiasi gani. Anajali tu kama poti iko wazi. Hoja hiyo ina uzito, ila haijiulizi poti huachwaje wazi. Mara nyingi huachwa na mtu ambaye hakuona tena alichokwisha kukiandika. Mwaka 2004 Avishai Wool alichapisha katika jarida la IEEE Computer uchunguzi wa fayawoli 37 za mashirika, akaonyesha kwamba kadiri kanuni zilivyokuwa tata ndivyo makosa yalivyozidi. Zilikuwa fayawoli za Check Point, tena za zama nyingine, na mtu ana haki ya kuuliza zinahusiana vipi na seva yake ya leo. Lakini alipourudia uchunguzi huo mwaka 2010, akiongeza bidhaa za mtengenezaji mwingine, uhusiano ule ulibaki palepale. Chanzo chake hakitegemei chombo: katika mnyororo wa kanuni, pakiti ikishakubaliwa au kukataliwa na kanuni ya juu, za chini hazina tena la kusema. Kanuni ya 40 inaweza kuwa imefunikwa na ya 12 miaka nenda rudi, na mwenye seva akaamini inamlinda.

Kwa hiyo jicho liende kwanza kwenye sera ya msingi. Mnyororo wa kuingia uwe unakataa kila kitu, kisha uruhusu vichache vinavyojulikana: mawasiliano ya seva na nafsi yake, majibu ya miunganisho iliyokwisha kukubaliwa, poti 443 kwa kila mtu ikiwa ni seva ya tovuti, na poti 22 kwa anwani za wasimamizi tu. Anayeruhusu yote halafu akaziba anachokiogopa amejitwika kazi ya kukisia kila hatari itakayokuja. Februari 2018 GitHub ilipigwa na mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, yaliyorushwa kupitia seva za memcached ambazo poti yake 11211 ya UDP ilikuwa wazi kwa dunia nzima. Mwenye seva ya namna hiyo hakuhitaji kuwahi kusikia habari za shambulio lile ili asitumiwe. Sera ya kukataa ingetosha.

Hapo hata mwanafunzi mzuri atafika. Ubingwa huonekana kwenye IPv6 na ICMP, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwingine. Amri ya iptables hushughulikia IPv4 peke yake; IPv6 ina ip6tables yake. Ndiyo maana utakuta seva iliyofungwa barabara upande mmoja huku upande wa pili hauna kanuni hata moja. nftables iliingia kwenye kerneli 3.13, Januari 2014, na tangu kerneli 3.14 jedwali lake la aina ya inet hubeba pande zote mbili, na kuliona kwenye faili ni dalili njema. Kisha tazama ICMP imetendewaje. Fundi mwoga huikataa yote akidhani anaificha seva. Matokeo yake ni maradhi magumu kuyatambua: muunganisho unafunguka, majibu mafupi yanapita, lakini faili kubwa linakwama, kwa sababu ujumbe wa kwamba pakiti ni kubwa mno umezuiwa njiani. Kwenye IPv6 madhara ni makubwa zaidi, maana seva huitafuta hata ruta yake kwa ujumbe wa ICMPv6. Waraka wa RFC 4890 wa mwaka 2007 unaeleza aina zipi zipitishwe na zipi zizuiwe, na aliyeusoma utamtambua kwa kanuni zake.

Pingamizi kali zaidi dhidi ya usomaji linatoka kwa Docker. Kontena likichapisha poti, pakiti hugeuziwa anwani mapema na kupita mnyororo wa kupitisha, si wa kuingia. Hivyo ufw status itakuambia poti 5432 imefungwa, huku hifadhidata yako inajibu wageni kutoka nje. Je, maandishi yamedanganya? Kilichosomwa ni muhtasari wa ufw tu. Kwenye mifumo ambayo iptables yenyewe hupitia nftables, kama Debian tangu toleo la 10, orodha kamili ya nft huionyesha ile kanuni ya Docker. Hata hivyo bingwa hathibitishi kwa kusoma tu. Huigonga seva kwa nmap kutoka mtandao mwingine, kwa IPv4 na kwa IPv6.

Namna ya kupakia nayo husema mengi. Kanuni zikae katika faili moja, zikaguliwe kwa nft -c -f, kisha zipakiwe kwa mkupuo, ziingie zote au isiingie hata moja. Anayezichapa moja moja kwa mbali kupitia SSH iko siku atajifungia nje.

Mwisho tazama kaunta. Ruhusa isiyo na maelezo, ambayo kaunta yake haijasogea tangu kanuni zipakiwe, huenda ni mabaki ya kazi iliyokwisha. Ila usiifute kwa ushahidi huo peke yake: ruhusa ya seva ya akiba, inayotumika siku ya dharura tu, nayo husoma sifuri, na nft ina neno comment kwa ajili ya kuiandikia sababu yake pembeni.