Saboso na Njia ya Msafara

Njia kuu ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake mashuhuri. Pembe zilishuka pwani. Nguo na shanga zikapanda bara. Pamoja nazo zilisafiri nyimbo, mzigo usiotozwa ushuru. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi ikafifia, lakini nyimbo ziliendelea kusafiri kwa garimoshi.

Western Jazz ni mzawa wa safari hiyo. Bendi iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega. Jina lake lilikumbusha Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora, na mtindo wake uliitwa saboso. Mnyamwezi aliyehamia mjini aliweza kucheza dansi la kisasa chini ya jina la kwao.

Mwaka 2012, miaka mingi baada ya bendi kuvunjika, kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyo wa santuri zake za miaka ya 1970 kwa jina la Songs of Happiness, Poison & Ululation. Santuri hizo zilirekodiwa Nairobi, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Radio Tanzania ilirekodi bendi ili kuzitangaza, wala si ili kuuza sahani. Mwanamuziki aliyetaka santuri madukani alilazimika kuvuka mpaka, na mpaka huo ukafungwa mwaka 1977.

Wema wa mkusanyo huu ni dhahiri. Sahani ndogo zilizotawanyika zimeokolewa na kuwekwa pamoja. Msikilizaji anayezifuata moja baada ya nyingine hupata fursa ya kuusikia mtindo, si wimbo mmoja tu: sauti za waimbaji zikisimulia kisa, kisha magitaa yakiipokea zamu yao na kuwaachia wachezaji uwanja.

Hata hivyo, hifadhi si sawa na kumbukumbu. Santuri za Nairobi ni sehemu ya maisha ya bendi iliyoanza miaka miwili kabla ya Uhuru. Anayeijua Western Jazz kwa mkusanyo huu pekee huikuta ikiwa tayari mtu mzima. Ujana wake wa miaka ya 1960 haumo. Jina la mkusanyo nalo lina neno. Kigelegele kwa Mswahili hakihitaji maelezo: ni arusi, ni mtoto kuzaliwa, ni mchezaji kutunzwa. Kikiandikwa juu ya jalada kwa Kiingereza, pembeni mwa sumu, hugeuka kuwa ajabu ya kutazamwa na mgeni.

Linganisha na mkusanyo wa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Naye alikusanyiwa nyimbo na kampuni ya nje, Dizim ya Ujerumani, lakini jalada likaachiwa jina la Kiswahili: Ngoma Iko Huku. Jina hilo humwita mchezaji. Lile la London humfafanulia mtazamaji. Marehemu wa Morogoro aliachwa aendelee kualika watu mwenyewe.

Kwa hiyo mkusanyo wa Western Jazz ni kazi ya kushukuriwa na ya kukamilishwa. Kanda za Radio Tanzania ndizo nusu ya pili ya historia ya dansi, na bila ya hizo wageni wataendelea kuchagua lipi likumbukwe. Msafara wa kale ulishuka, lakini pia ulipanda. Saboso imekwisha kushuka hadi London. Heshima yake itatimia siku itakapopanda kurudi Nzega na Tabora, ikiwa na jina lake, na vigelegele vyake vikiitwa vigelegele.