Kitabu kimoja na ukuta wa Sange

Ndugu wenzangu wa lisansi, wengine wenu mlinishauri nisome When Helping Hurts, kitabu cha Steve Corbett na Brian Fikkert kilichotoka Marekani mwaka 2009. Nimekimaliza. Kinasema wazi: msaada unaweza kuumiza, hata ukitolewa kwa moyo safi. Umaskini si kukosa vitu tu, ni pia aibu na mahusiano yaliyovunjika. Tena kinagusa makanisa yanayotuma watu wiki mbili tu kwa maskini.

Hapo nilicheka peke yangu. Nikiwa mwanafunzi, wajitoleaji wa kanisa moja walikuja huku Sange kujenga madarasa. Mimi njo nilikuwa mtafsiri, dola 10 kwa siku. Wageni walibeba matofali kwa jua kali mpaka mikono ikatoka malengelenge. Chini ya mwembe, mafundi wetu walikaa wanaangalia. Mukubwa mmoja akaniuliza: "Mdogo wangu, hawa bamekuja kujenga ao kujifunza kujenga?"

Sikulitafsiri lile swali. Wageni walipoenda, mafundi walibomoa safu zilizopinda, wakazijenga upya. Bila malipo.

Waandishi wanatenganisha msaada wa dharura na maendeleo. Hapo wako sawa kabisa, na Sange inajua. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa hapa barabarani, likawaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Siku ile hakuna aliyehitaji semina. Zilihitajika dawa, magari, mikono ya yeyote. Lakini darasa si moto. Darasa linaweza kungoja fundi wa hapa aitwe na alipwe.

Upungufu wa kitabu ni huu: kinaongea zaidi na yule anayetoa. Sisi tunaopokea tumo ndani kama watu wa kulindwa, ni kama hatuna kosa letu. Kumbe tunalo! Kamati yetu ilikubali kila kitu, ikiogopa wageni wasirudi. Na mimi nilinyamaza kwa sababu ya dola 10.

Siye wa agronomia tunajua: mbegu isiyofaa udongo wako unaikataa mbele ya kupanda, si kisha mavuno kukosa. Mbona msaada hatuukatai?

Kisomeni. Lakini mukisome kama watu wenye mdomo. Wageni wakirudi, lile swali la fundi nitalitafsiri lote. Na wewe, ungelitafsiri? Tuambizane.